Jina Alilopewa Nthambi Peke Yake

Habari ilimpata Nthambi akikoroga uji, na tangu asubuhi hiyo haikumtoka kichwani: wale mbuzi wa ntheo, waliotengwa na mchumba wake Metito, wameonekana mnadani Kajiado, na wameuzwa.

Aliyeileta ni mjomba wake Kaloki, mtu wa kununua mbuzi Kajiado na kuwaletea wenye bucha wa Kitengela. Hakuileta kwa ubaya. Aliitoa polepole, kofia mkononi, kama mtu anayetoa mwiba kwa mguu wa mtoto.

"Labda ni wengine, mjomba," Nthambi akasema. "Mbuzi hufanana."

"Hufanana kwa wewe unayeshinda na kompyuta. Mimi nawajua kama watu. Yule beberu wa sikio moja jeusi, si Metito mwenyewe alinionyesha pale kwao akasema huyu ni wa mama mkwe? Basi ni huyo. Nimemuona akipandishwa lori."

Kwa Wakamba, binti anaweza kuvalishwa pete, akapigwa picha, akaimbiwa kanisani mpaka watu wakalia, lakini kama mbuzi wa ntheo hawajaingia boma la kwao, bado hajaolewa. Mengine yote yanaweza kungoja. Hao hawangoji. Kwa hivyo wakiuzwa, mtu mzima hana haja ya kuuliza maana yake.

Kaveke, mama yake Nthambi, alikuwa kwa stuli akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Nilisema nini mimi?"

"Mwaitu, usianze."

"Sianzi. Nimechoka kuanza. Nilisema kijana hana makosa, lakini wewe unajua uso wake tu, kwao hukujui. Amekuambia kitu?"

"Hajaniambia. Nikipiga anasema yuko poa, anakata."

"Basi nenda umuulize. Msichana wa umri wako haachwi na mbuzi, anaachwa na mtu. Akuambie na mdomo wake."

Nthambi alizima jiko. Uji ulikuwa umeshika chini, na hakuna aliyeutaja.

Kazi ya Nthambi ilikuwa kuwatengenezea wafanyabiashara tovuti. Alikuwa na kachumba pale Kitengela, juu ya duka la vyakula vya kuku, na humo ndimo Metito alimpata, viatu vimejaa vumbi, kijana mrefu asiyejua aweke wapi mikono. Aliuza nyasi kavu, yale marobota ya kulisha ng'ombe wakati wa kiangazi. Alitaka tovuti, na ukurasa wa Kuhusu Sisi alikuwa ameshauandika mwenyewe: "Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma bora kwa wateja wetu wote."

"Mko wangapi kwa hiyo kampuni?" Nthambi alimuuliza.

"Niko mimi."

"Na unaongoza nani?"

Metito aliinua macho, akaona hakuchekwa kwa dharau, naye akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha chini, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Nthambi aliangalia kompyuta haraka, lakini alikuwa amechelewa.

"Sikiza," akamwambia. "Mtu akifungua huu ukurasa hataki sifa. Anataka kujua ni nani anamuuzia, na kwa nini anafanya hii kazi na si nyingine. Wewe ulianza kwa nini?"

"Hiyo ni hadithi ndefu."

"Niko na muda."

Alirudi mara ya pili, na ya tatu, kila mara akisema amekuja kwa ajili ya tovuti. Walikunywa chai nyingi. Jioni moja, mvua ikipiga mabati, akamwambia. Alikuwa na kaka, mtoto wa kwanza wa mama yake. Ule ukame mbaya ulipokuja, kaka huyo alichukua ng'ombe wa boma akaenda nao mbali kutafuta nyasi. Nyasi zilipokwisha huko aliendelea kwenda. Homa ikamkamata mahali hapana gari wala zahanati, na hakurudi. Alikuwa hajaoa, hajaacha mtoto. Metito alilitamka jina lake mara moja tu, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika mkono wa Nthambi kama mtu anayevuka maji.

"Nyumbani hatumtaji," akasema.

Nthambi akaelewa kama alivyolelewa kuelewa, kwamba uchungu bado ni mbichi. Kwao Ukambani jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa ili lisipotee. Akaona hakuna zawadi angempa mwanaume huyu iliyo kubwa kuliko kuliandika.

Aliandika ukurasa mfupi. Jina la kaka ndilo lilikuwa neno la kwanza. Halafu: "Alitembea na ng'ombe mpaka nyasi zikaisha, akaendelea kutembea. Mimi ni ndugu yake. Nalima na kukausha nyasi ili ndugu ya mtu mwingine akae nyumbani." Metito aliusoma kwa simu akiwa amesimama dirishani. Alisoma muda mrefu kwa maneno machache hivyo. Akapangusa uso na mkono wa shati.

"Umeandika vizuri," akasema, na akamwangalia kwa macho ambayo msichana yeyote angeyakumbuka akiwa mzee.

Nthambi alichukua hayo kuwa ni ndiyo.

Na ukurasa ulifanya kazi, tena sana. Watu walipiga simu kutoka Machakos, kutoka Kiambu, mpaka ghala likabaki sakafu tupu. Hapo ndipo simu za Metito kwa Nthambi zilipoanza kuwa fupi.

Boma la kina Metito liko nje kidogo ya mji wa Kajiado, ukiacha barabara ya Namanga. Nthambi alimkuta mlangoni mwa ghala akifagia makapi. Alipomwona aliacha ufagio, akapiga hatua moja kwake, akasimama. Alikuwa amekonda. Hata yeye alionekana hajalala.

"Ungenipigia," akasema.

"Ungeshika?"

Kabla hajajibu, sauti ya mwanamke ilitoka nyumbani.

"Metito! Mlete ndani. Nimemuona."

Naserian, mama yake, alikuwa ameketi na shanga zake karibu na mlango, mahali penye mwanga. Nthambi alikuwa ameingia nyumba hii mara nyingi na kila mara alilakiwa kwa kelele na kucheka. Akainamisha kichwa kama mtoto anavyofanya mbele ya mkubwa, ashikwe utosini.

"Takwenya, yeyo," akamwamkia kwa Kimaasai, kama mtoto kwa mama.

"Iko," Naserian akaitikia, kwa sababu kutoitikia ni kubaya zaidi. Lakini mkono haukuja. Nthambi alikaa na kichwa chake chini hivyo, akangoja, halafu akakiinua mwenyewe.

"Kaa. Umekuja kwa sababu ya mbuzi."

"Ndiyo, yeyo."

"Niliuza mimi. Huyu nilimwambia tu." Akaonyesha Metito kwa kidevu. "Hakunizuia."

Hilo la kutozuiwa ndilo lililomchoma Nthambi kuliko kuuzwa kwenyewe. Alimtazama Metito. Metito alikuwa mlangoni, bega kwa fremu, anaangalia viatu vyake.

"Yeyo, nimekosa nini?"

Naserian aliweka shanga chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, na alipoyapata aliyatoa moja moja.

"Mwanaume alikuja hapa na pickup. Mtu wa heshima. Alitoa kofia. Mimi nilikuwa natoka na maziwa. Akasema, habari, wewe ndiye Mama..." Akapunga mkono hewani, kama anayefukuza nzi, pale jina lilipopaswa kukaa. "Akaniita na yule mtoto wangu."

Nthambi alitoa simu mkobani, akaiweka mapajani.

"Mwanaume akienda kabla ya kuoa, kabla ya kuacha mtoto, jina lake tunalilaza na yeye. Halitoki tena. Kuna jirani hapo ng'ambo aliitwa hivyo pia. Akija kwangu anaitwa jina lingine, na yeye mwenyewe anaitika. Mimi zamani nilikuwa Mama huyo. Siku hiyo hiyo nikawa Mama Metito. Watu wote walifanya hivyo, hawakuambiwa. Sasa mtu wa pickup anasimama pale, ananiita vile nilikuwa naitwa, anacheka, anataka nyasi." Sauti yake ilipungua. "Unajua nilifanya nini? Niliangalia nyuma yake. Nilifikiri amekuja na yeye."

Nje ndama alilia, akanyamaza.

"Sikujua, yeyo," Nthambi akasema. "Haki ya Mungu sikujua. Kwetu tunalitaja ili lisipotee."

"Najua hukujua. Wewe ni mtoto wa watu wengine, sikasirikii mtu kwa kutojua. Nauliza kitu kimoja tu. Nani alikupa? Hilo jina halikuwa njiani. Lilikuwa kwa hii nyumba."

Swali lilikuwa la mtu mmoja tu kulijibu, na alikuwa mlangoni. Nthambi alimgeukia. Akampa nafasi. Mapenzi yao yote, zile chai, ile mvua, ule mkono, yalikuwa yamesimama pale kati yao yakingoja neno moja: ni mimi. Metito aliinua macho, yakakutana na yake, na yalikuwa yale yale ya dirishani, mazuri, yenye maji. Kisha akayateremsha.

"Niliokota kwa watu wa mjini, yeyo," Nthambi akasema. "Niliuliza uliza."

Naserian alimwangalia. Halafu akamwangalia mtoto wake, muda mrefu zaidi.

"Mjini," akasema. "Haya."

Hakuuliza tena. Akanyoosha kidole kwa simu iliyokuwa mapajani mwa Nthambi. "Toa."

Nthambi akafungua ukurasa. Aliyaona maneno yake kwa mara ya mwisho, na aibu yake ni kwamba bado aliyaona ni mazuri. Akafuta.

"Imeisha?"

"Hapa imeisha. Kwa vichwa vya watu waliosoma, siwezi."

"Na utaandika nini mahali pake?"

"Sijui, yeyo. Niandike nini?"

"Andika tunauza nyasi. Mtu akitaka hadithi aende kanisani." Akachukua shanga zake. "Kunywa chai, uende. Si vizuri uende na njaa."

Aliinywa, maana kukataa lingekuwa kosa jingine. Haikuwa na ladha.

Metito alimfuata mpaka ghalani. Mwanga wa mchana uliingia kwa matundu ya mabati, na ghala tupu lilirudisha kila sauti.

"Asante," akasema.

"Ya nini?"

"Ya pale ndani."

"Usiniambie asante, Metito. Nitalia, na sina nguvu ya kulia."

"Ningesema. Nilikuwa natafuta namna."

"Namna ni mdomo."

"Hujui vile alikuwa. Alikaa hali chakula, hasemi na mtu. Angejua ni mimi nilitoa..."

"Angejua ni mtoto wake. Mtoto husamehewa. Mimi je?"

Metito akaketi kwa robota moja lililokuwa limesalia, limelegea kamba. Nthambi hakuketi.

"Nikuulize kitu," akasema. "Siku ile ulisoma pale dirishani kwangu. Ulijua?"

Metito akaanza kuikaza ile kamba iliyolegea.

"Metito."

"Nilijua."

"Ukaniambia nini?"

"Nilikuambia umeandika vizuri." Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nthambi, sijawahi kuliona limeandikwa. Hata kwa kaburi halipo. Lilikuwa linakaa vizuri pale juu. Kama yuko, kama ndiye mwenye biashara na mimi namfanyia kazi. Nikasema likae kidogo tu. Siku mbili. Halafu nitakuambia utoe. Kila siku nikasema kesho."

Hapo moyo wa Nthambi ulitaka kurudi. Wasichana, ni hapo mnaponaswa. Si kwa zawadi wala kwa maneno matamu, ni pale mwanaume anapokuonyesha kidonda chake na wewe unaona una dawa. Mkono wake ulikuwa umeshafika begani kwa Metito, unaondoa majani makavu kwa shati, kabla hajajua umetoka.

"Hayo umeniambia mimi," akasema polepole, "ndiyo ungemwambia mama yako. Hayo hayo. Angelia na wewe, yaishe."

"Nitamwambia. Nipe muda. Na mbuzi nitatafuta wengine, wazuri kuliko wale. Mjomba wako atanisaidia kuchagua."

"Wacha mbuzi."

"Si ndiyo shida ulikuja nayo?"

"Ndiyo nilikuja nayo. Nimepata kubwa kuliko hiyo." Aliondoa mkono. "Nikiolewa hapa, mimi ni yule msichana aliyeokota jina la mtoto wa watu mjini akalitumia kuuza nyasi. Nitachota maji nikiwa huyo, nitazaa nikiwa huyo. Mama yako ni mtu mzuri, atanivumilia, na kuvumiliwa kunachosha. Na siku nyingine nikikosewa, wewe utakuwa pale mlangoni unaangalia viatu."

"Nthambi, nakupenda."

"Najua. Ungekuwa hunipendi ningepumzika."

Metito aliinuka, akasimama mbele yake, karibu mno, kwa njia ambayo siku zingine ingemaliza ugomvi. Alinukia nyasi na jua. Nthambi alifumba macho kidogo tu, akayafungua, akachukua mkoba wake.

"Ingia sasa," akamwambia. "Mimi niko hapa hapa nje. Ingia umwambie, utoke, tuende tukatafute hao mbuzi pamoja."

Metito alitazama mlango wa mama yake. Haukuwa mbali. Alitazama jinsi mtu anavyotazama mto uliojaa.

"Leo amechoka," akasema. "Kesho."

Nthambi alitingisha kichwa, si kwa hasira. Akaenda zake. Hakuitwa nyuma.

Kitengela alimkuta Kaveke ameketi nje, anajifanya anaangalia kuku.

"Amesema na mdomo wake?"

"Hajasema, mwaitu. Hiyo ndiyo shida."

Kaveke alifungua mdomo, na wote wawili walijua yaliyokuwa yakija. Lakini alimtazama mtoto wake vizuri, akaufunga. Akasogea kwa benchi, akapiga pale palipobaki wazi kwa kiganja. Waliketi hivyo mpaka kuku wakaingia wenyewe.

Kazi haikungoja maumivu yapoe. Wiki haikuisha kabla Judy, mwenye saluni iliyo karibu na kituo cha mafuta, hajapanda ngazi kwa kishindo na makaratasi mkononi.

"Dada, mimi nataka ile Kuhusu Sisi ya kuliza watu. Kama ile ulifanyia yule Mmasai wa nyasi. Nilionyeshwa, nikalia na rollers kichwani! Sasa natafuta siioni."

"Ilitolewa."

"Kwa nini? Ilikuwa inaleta pesa!"

"Ndiyo. Ilileta."

Judy alimwangalia, akavuta kiti. "Mimi niko na hadithi pia, usicheke. Shosho yangu, mamake mama, alikuwa anasuka watu bure, alikuwa na mambo yake na pasta mmoja..."

"Yuko hai?"

"Nani, shosho? Alikufa."

"Mama yako je?"

"Yuko. Kwani?"

Simu ya Nthambi ilianza kulia juu ya meza. Ilitetemeka ikasogea kidogo kidogo mpaka ukingoni. Judy alichungulia jina, akainua nyusi.

"Si ushike?"

"Wacha ilie."

Ililia ikanyamaza. Ikaanza tena. Nthambi aliigeuza kifudifudi, akachukua kalamu, na kwa mgongo wa moja ya yale makaratasi ya Judy akaanza kuandika.

"Unaandika nini? Ndiyo yangu hiyo?"

"Bado. Haya ni ya kuepuka. Soma kwanza, ukienda nyumbani ufikirie, ndiyo urudi."

Judy aliyasoma kwenye ngazi akishuka. Mahali fulani katikati alisimama, akatazama juu kule alikotoka, halafu akaendelea kusoma.

Usianze kwa kusema karibu sana. Mteja ameshaingia.

Usijiite namba moja. Hakuna aliyehesabu.

Usiseme "sisi" kama uko peke yako.

Usiweke picha za watu ambao hawajawahi kukanyaga saluni yako.

Usisahau kusema uko wapi na unapatikana saa ngapi. Wengi husahau hayo wakitafuta maneno ya kuliza watu.

Usiandike kifo cha mtu ili uuze kitu, hata kama ni kweli, hata kama umeandika kwa upendo.

Usiweke jina la mtu kabla hujamuuliza mama yake. Mama yake, si ndugu yake aliyekuambia.

Usidhani umekubaliwa kwa sababu umesifiwa.

Usimfanyie mpenzi wako ukurasa. Mpeleke kwa mtu mwingine, alipe.

Usibebe kosa la mwanaume mbele ya mama yake ukingoja aje alichukue.

Usipokee simu yake ukiwa umechoka. Mtu aliyechoka hukubali.